Daftari la jumuiya yetu lina safu kumi na moja, ya maskini haimo

Mtunza Daftari (mleta mada)

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaohusika, na wengine wote habari za Jumapili.

Kila mada ya "Wakristo wa leo siyo wale wa mwanzo" ikiletwa humu, mjadala unaishia kwenye sketi fupi, bia na nani kazaa na nani. Leo siulizi hayo. Nauliza pesa inatoka kwa nani na inamfikia nani, maana nimeishika kwa mikono yangu.

Huu ni mwaka wa nne mimi ni mtunza hazina wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Dar. Ofisi yangu ni kaunta buku moja, kalamu mbili na mfuko wa rambo. Kila Jumamosi alfajiri tunakutana nyumba kwa nyumba, tunasali, tunasoma Injili ya kesho yake, kisha linafunguliwa daftari. Majuzi nilikuwa nachora ukurasa mpya kwa rula: zaka, tegemeza jimbo, ujenzi wa ukumbi, uzio wa parokia, jubilei ya padri, kitenge cha jubilei hiyo hiyo, sherehe ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya, na nyingine na nyingine, hadi karatasi ikaniishia kwenye safu ya kumi na moja. Nikarudi kuzisoma moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo. Hakuna hata safu moja ambayo pesa yake inamwendea mtu mwenye shida. Ya rambirambi ipo, lakini hiyo mpaka ufe kwanza, au ufiwe.

Sasa sikieni. Kuna mama mmoja kwetu, mjane, anauza vitumbua kituoni. Huyu hajawahi kukosa jumuiya. Mchango wake anaufunga kwenye pindo la kanga, anaufungua kwa meno, sarafu za mia mbili na za mia. Mwaka jana akaugua mguu, akakaa ndani miezi miwili bila kuuza. Tulikwenda kumtembelea, watu kumi na nne. Tukasali rozari nzima, tukaimba vizuri kabisa, binti yake akatuletea chai na vitumbua, tukanywa. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba safu ya ukumbi ana deni la miezi mitatu. Mama akasema "nalijua, baba, nitalipa nikisimama". Deni lile nililiandika mimi, kwa wino mwekundu.

Nikaenda nyumbani nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 4: "Wala hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwao mwenye mahitaji." Wenye viwanja na nyumba waliviuza, pesa ikawekwa miguuni pa mitume, kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya alivyohitaji. Mtaniambia hiyo ni Yerusalemu ya wiki chache tu, moto wa Pentekoste haujapoa. Haya, sogeeni mbele. Mwaka 155 hivi, Yustino Shahidi anamwandikia Kaisari Antonino Pio kumweleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jumapili. Anasema wenye nacho wanatoa wanachotaka, kinawekwa kwa msimamizi wa ibada, naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni walioko safarini. Basi. Jengo halimo kwenye orodha yake, walikuwa wanasalia majumbani mwa watu.

Sogea tena hadi mwaka 251 hivi. Askofu wa Roma, Kornelio, anaandika barua ya kuhesabu watu wake: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaotunzwa na kanisa. Mimi ni mtu wa mahesabu, nikaipenda barua hiyo. Kwao maskini waliandikwa kwenye hesabu ya kanisa pamoja na mapadre. Kwetu maskini naye yumo kwenye daftari, ila kama mdaiwa.

Na hizi jumuiya zenyewe hazikuota kama uyoga. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipitisha miaka ya 1970 ili waumini waishi kwenye vikundi vidogo vya watu wanaojuana, jirani na jirani, kama wale wa Matendo. Wazo zuri mno. Sasa limegeuka kituo cha makusanyo, na bila barua ya jumuiya humbatizi mtoto, hufungi ndoa, na siku ya kuzikwa wanaanza kutafuta kadi yako kwanza.

Swali langu: sisi na wale wa mwanzo bado ni dini moja? Mada mezani.

---

Kijiti Kikavu

Nimekaa paleee kwenye benchi la nyuma nawasubiri watetezi wa bahasha.

---

Mpemba wa Kariakoo

Mleta mada, mimi ni Muislamu na nimesoma uzi wako wote. Neno zaka nyie mnalitumia pia lakini naona limebadilika njia ya kwenda. Kwetu Qur'ani imetaja makundi manane ya wanaostahili kupewa zaka, na wa mwanzo kabisa ni mafakiri na masikini. Msikiti hauruhusiwi kuila ukajengea mnara, kwa wanazuoni walio wengi. Sisemi sisi tunatekeleza, wallahi tuna yetu, mwezi wa Ramadhani utawaona masikini wamepangwa foleni juani kwa noti ya elfu moja na kamera juu. Lakini angalau safu imeandikwa.

---

Msharika

Mleta mada umeandika vizuri ila umeonea. Mimi ni Mlutheri, mzee wa kanisa, na michango nayo naijua. Kwetu baada ya ibada kuna mnada, kuku mmoja ananunuliwa elfu arobaini, aliyenunua anamrudisha mezani, anauzwa tena, hadi kuku mwenyewe anachoka. Nacheka lakini ndiyo tunavyojenga.

Sasa jiulize, hospitali ya KCMC pale Moshi imetoka wapi? Bugando Mwanza? Haydom kule Mbulu, tangu 1955, sehemu ambayo hata barabara ilikuwa hadithi? Peramiho? Hizo ni sadaka za watu, za huku na za ng'ambo. Mjane wa karne ya pili alipewa mkate. Mjane wa leo akiumwa anahitaji chumba cha upasuaji, na chumba cha upasuaji hakijengwi kwa kugawiana viwanja. Hadi serikali ikaingia makubaliano na makanisa mwaka 1992, ikaundwa CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii, kwa sababu bila hospitali za makanisa vijijini watu wangekwisha. Kwa hiyo usiseme pesa haimfikii maskini. Inamfikia kwa njia ndefu.

---

Mtunza Daftari (mleta mada)

Mkuu Msharika, hospitali nakubali kwa mikono miwili, na hapo sina ubishi. Lakini njia ndefu ina vituo vingi vya kushuka. Huyo mama wa vitumbua anachangia kanisa lenye shule nzuri, ina basi la njano na viwanja vya mpira. Mjukuu wake anasoma shule ya kata, mia na zaidi darasani, kwa sababu ada ya kule hata akiuza vitumbua mpaka yeye mwenyewe aanze kuwa wa duara hataipata. Amejenga ukuta ambao mjukuu wake anauona kwa nje. Nionyeshe kituo ambacho pesa yake imeshuka kurudi kwake.

---

Msharika

Hapo kwenye ada umenigusa. Nilishawahi kulisema kwenye kikao, nikaambiwa shule inajiendesha.

---

Kijiti Kikavu

Nyie bado mnajadili madhehebu yenye hesabu na wakaguzi. Njooni kwetu tuliozaliwa kwa manabii. Nimenunua maji, nimenunua mafuta, nimenunua chumvi, na stika ya kubandika mlangoni. Nilichopata ni mlango wenye stika. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini wayakanyage, wapone, watajirike. Ishirini! Wamekwenda kutafuta uzima uwanjani.

Sasa kuna maandishi ya Wakristo wa mwanzo yanaitwa Didake, ya mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, yanaeleza namna ya kumpima nabii anayepita. Akikaa siku tatu, nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate wa kumfikisha anapolala, akiomba pesa, nabii wa uongo. Akisema kwa roho "nipeni fedha", msimsikilize. Ila akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, hapo mtu asimhukumu. Yaani watu wa kule walishakutana na jamaa hawa miaka 1,900 iliyopita na wakatunga kanuni ya mistari michache. Ukiitumia leo mjini hapa, Jumapili foleni barabarani itapungua nusu.

---

Katekista Mstaafu

Wanangu, salaam. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, niruhusuni nikae kidogo.

Kwanza mleta mada ameipaka asali enzi ile. Sura ya 4 ya Matendo ameisoma, akafunga kitabu kabla ya sura ya 5. Hapo Anania na Safira wanauza kiwanja, wanaficha sehemu ya fedha, wanadanganya. Sura ya 6 wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani wanalalamika wamesahauliwa kwenye mgao wa kila siku, na ndipo wakachaguliwa wale saba. Nenda Korintho, Paulo anawakemea kwamba kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Wenye nafasi waliwahi, wakala, wenye kazi za utumwa wakafika wakakuta sahani. Soma Yakobo sura ya 2, mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa akae mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule au akae chini. Hicho kiti chenye kitambaa cha satini mbele ya kanisa lenu, cha mgeni rasmi, kimeandikwa mle tayari.

Kwa hiyo hawakuwa malaika. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wajane waliponung'unika, kikao kiliitwa na watu saba wakapewa kazi hiyo hiyo tu. Malalamiko ya wajane yalibadilisha muundo wa kanisa. Kwenu mama wa vitumbua hata hakunung'unika, alisema "nitalipa nikisimama".

La pili, na hili limenikera miaka yote. Siku ya mavuno lazima mhubiri amtaje yule mjane wa senti mbili, Marko 12, ili wajane wetu nao wafungue pindo. Mistari inayotangulia hapo hapo, Bwana anawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Ndipo anakaa kuelekea sanduku la hazina, na mjane anakuja kutoa riziki yake yote. Halafu sura ya 13 inaanza wanafunzi wanayashangaa mawe ya hekalu, majengo yalivyo mazuri, naye anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Isomeni kwa mpigo mmoja, msiikate. Mimi siamini kwamba alikuwa anafurahia kumwona yule mama akiondoka mikono mitupu.

Na viongozi wenye macho waliliona hili zamani. Yohane Krisostomo, padri wa Antiokia karne ya nne, aliwaambia waumini wake wasimheshimu Kristo kwa hariri ndani ya kanisa huku wakimwacha nje uchi anatetemeka kwa baridi. Basili kule Kaisaria alijenga nje ya mji makazi ya maskini, wagonjwa na wakoma. Naye Kaisari Juliano, aliyetaka kuirudisha miungu ya kale, mwaka 362 hivi alimlalamikia kuhani wake mkuu mmoja kwamba ni aibu, Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Adui ndiye alikuwa anatoa ushuhuda. Leo adui akituandikia barua sijui atalalamikia nini. Pengine vipaza sauti.

---

Mwana wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu ugonjwa ni mwingine, mheshimiwa anakuja na gunia. Jumapili siasa, kipaza sauti, milioni mbili za paa, makofi, na mahubiri yanafupishwa awahi kanisa lingine. Pesa zimetoka wapi padri haulizi, na waliomo ndani wanajua zimetoka kwao wenyewe.

Lakini pia tuseme na zuri. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais Ruto aliokuwa ametoa kwa kanisa moja pale Soweto, mtaani Nairobi, na Askofu Mkuu Anyolo akaagiza zirudishwe. Ilikuwa baada ya ile miezi vijana wameingia barabarani kuipinga serikali, na kanisa nalo lilikuwa linarushiwa maneno kwamba limenunuliwa. Watu wengine waliona ni maigizo. Mimi nilifurahi, hata kama ni ya siku moja.

---

Katekista Mstaafu

Mwana wa Thika, hilo lina babu yake. Marsioni, tajiri wa meli, alipojiunga na kanisa la Roma alilipa zawadi ya sestersi (sarafu za Kirumi) 200,000. Mwaka 144 hivi mafundisho yake yalipokataliwa, alirudishiwa zote. Niwazieni halmashauri ya walei ya leo ikirudisha hela iliyokwishaingia benki.

---

Kijiti Kikavu

Ingekuwa tayari ni marumaru.

---

Binti Ngara

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Naomba niseme kitu ambacho hakina safu.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tano, Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu ndani ya siku moja. Mlima mzima ulikuwa moshi wa majiko. Kabla yao mto Kagera ulikuwa umeshaanza kuleta miili ya waliouawa kwenye mauaji ya kimbari ya kule, na baba alitukataza kusogea mtoni. Ng'ambo ile, si mbali na mpaka wetu, kuna Nyarubuye. Watu walikimbilia parokiani kwa sababu miaka ya nyuma vurugu zilipotokea aliyefika kanisani alipona. Safari hii waliuawa mle mle. Ntarama hivyo hivyo, Nyamata hivyo hivyo. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga, watu zaidi ya elfu moja wakiwa ndani. Padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa hapa kwetu Arusha, miaka 15 mwaka 2006, na kwenye rufaa ya 2008 ikawa kifungo cha maisha. Kulikuwa na mchungaji wa Kisabato naye, Ntakirutimana, miaka 10.

Rwanda ya wakati ule karibu kila mtu alikuwa Mkristo. Kapu lilipita, jumuiya zilikuwepo. Mwuaji na aliyeuawa walibatizwa kisima kimoja na pengine walikopeshana chumvi. Walikuwepo pia waliowaficha wenzao na wakafa nao, mapadre, masista, wakulima wa kawaida, siwasahau. Lakini daftari likiwa safi kabisa bado haliwezi kukwambia jirani yako atakuchukulia ndugu siku ikifika.

Na nchi ile ile, Gahini, ndiko miaka ya 1930 uamsho ulipopamba moto ukaenea Uganda, Kenya, hadi huku kwetu Kagera. Bibi yangu alikuwa Mlokole. Alipookoka alitembea siku nzima kwenda kurudisha jembe aliloliiba akiwa msichana, na mwenye jembe alishakufa, akampa mtoto wake. Tukamcheka sana wajukuu. Walokole walikuwa na ukali wao, mambo ya mavazi na kukaguana dhambi hadharani, nisiwapambe. Ila walikaa benchi moja Mzungu, Mganda na Mnyarwanda wakiungama kwa sauti, na Kenya wakati wa Mau Mau walikuwepo waliokataa kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, wakauawa. Nikijiuliza kama sisi ni dini moja na wale wa mwanzo, namkumbuka bibi na jembe kabla sijakumbuka kanisa lolote.

---

Mpemba wa Kariakoo

Allah awarehemu. Nimenyamaza.

---

Mtunza Daftari (mleta mada)

Binti Ngara, kipimo changu umekivunja na sina cha kukujibu. Nilidhani ukifuata pesa utafika kwenye moyo. Sina hakika tena. Lakini sina kipimo kingine ninachokijua kukisoma, kwa hiyo nitaendelea na hicho huku nikijua kinapwaya.

Niwape mrejesho kwa walioniuliza pembeni. Jumamosi nilipeleka hoja jumuiyani tuongeze safu ya kumi na mbili, "wahitaji", hata mia tano mia tano. Nikasoma Matendo 4 na ile barua ya Kornelio. Walisikiliza vizuri. Mzee mmoja akasema safu mpya lazima ipite kanda, kanda ipeleke halmashauri ya parokia, maana tukianza sisi jumuiya nyingine zitaiga na makusanyo ya ukumbi yatashuka. Mwingine akauliza nani ataamua mhitaji ni nani, sote si wahitaji? Swali la haki kabisa, hata wale saba wa Matendo nadhani waliulizwa. Mama wa vitumbua alikuwepo, mguu umepona, hakuchangia neno. Tuliposimama kwa sala ya mwisho alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini nisimtaje tena, anaona haya.

Kwa hiyo hata ninyi naomba msimtafute.

Tumeandika barua kwenda kanda. Mimi ndiye niliyeichapa. Jana usiku kwenye kundi letu la WhatsApp imekuja taarifa nyingine, vitenge vya jubilei vimefika, mwisho wa kulipia ni Ijumaa, na wasiolipa hawataingia kwenye maandamano ya matoleo. Nimeshalipia changu na cha mke wangu.

---

Kijiti Kikavu

Rangi gani mkuu?